Kanda na Kuku wa Bi Nyamizi

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Umeme umerudi asubuhi. Nimewasha televisheni, nimewasha mashine, nimefungua kikasha cha kanda, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Kanda haimo. Ndani pana jani la tumbaku, kavu, limekunjwa mara mbili. Sielewi.

Nimetafuta kwenye redio kaseti. Chini ya mto. Ndani ya mtungi, upumbavu mtupu. Hakuna.

Mashine hii, kompyuta, ikizimwa husahau kila kitu. Kinachosalia ni kile tu ulichokirekodi kwenye kanda, kwa sauti kama ya nyenje. Nina kanda moja. Sabuni yenyewe haipatikani madukani, sembuse kanda.

Bi Nyamizi, jirani, amepita na ndoo kichwani. "Mzaramo, hujafa tu? Kuku wangu yuko wapi?" Nikamwambia kuku wa Kinyamwezi hawaliwi, wamezoea kubeba mizigo, nyama imekomaa. Alicheka hadi maji yakamwagika. Mtani wangu tangu nilipohamia mtaa huu. Hakunifariji, ila kwa dakika moja nilisahau kanda.

Jumanne, 7 Agosti

Mwanahawa anakuja Jumamosi kunichukua. Hakuandika hivyo. Ameandika anakuja "tuzungumze". Namjua binti yangu. Kuna aliyempigia simu kumwambia nilipotea njia nikitoka hospitali ya Kitete kumwona mgonjwa. Ni kweli nilipotea. Njia niliyoipita nusu ya maisha yangu. Nilisimama mbele ya duka la viatu nikawa sijui nyumbani ni upande gani.

Kwa hiyo kanda. Nilitaka afike, niwashe, aone. Mtu anayeweza kuandika programu hajachanganyikiwa. Huo ndio ushahidi wangu wote.

Mashine alinipa yeye aliporudi masomoni Ulaya. Nyeusi, ndogo kuliko msahafu wangu, vitufe vya mpira. Na televisheni isiyo na stesheni. Wiki ya kwanza watoto wa mtaa walijaa dirishani wakisubiri picha, wakaona namba, wakaondoka.

Mimi sikuondoka. Nilikuwa kijana tena. Nilipokuwa Dar, miaka ile baada ya uhuru, walituteua walimu wachache wa hesabu kujifunza kwenye mashine iliyojaa chumba kizima. Tulitoboa kadi. Ukiziangusha, kazi imekufa. Nilizipenda kadi zile kuliko nilivyoonyesha. Kisha nikahamishiwa Tabora kufundisha, na hakuna aliyeniuliza tena habari za kadi.

Jumatano, 8 Agosti

Nimeamua kuiandika upya. Naijua. Niliitunga mwenyewe.

Programu ni Njia. Babu yangu alikuwa mnyapara wa msafara, akatufundisha kambi kwa mpangilio, mimi na mdogo wangu Athumani, kutoka Bagamoyo hadi huku. Ukikosea alikurudisha kambi ya nyuma uanze tena. Mashine inafanya vivyo hivyo. Inauliza kambi inayofuata. Ukipatia unasonga. Ukikosea inasema: Tua mzigo. Rudi.

Sikuiandika karatasini. Babu hakuandika. Kiburi.

Mistari hupewa namba kwa makumi, 10, 20, 30, ili ukisahau jambo ulichomeke katikati. Hilo ndilo lililonivutia tangu mwanzo. Mtu aliyeibuni lugha hii ya programu alijua watu husahau.

Nimefika Mpwapwa vizuri. Mvumi. Halafu Tura. Hapana, kabla ya Tura kuna kambi. Ipo. Naiona, mteremko wa mawe, babu akisema magoti huuma hapo. Jina halipo.

Nimeendesha hivyo hivyo. Imenirudisha Mpwapwa. Nikajibu Mvumi. Ikanirudisha Mpwapwa. Nimeituma kwenye mstari usio wake na sioni ni wapi. Mpwapwa, Mvumi, Mpwapwa, Mvumi. Nilikaa nikiitazama muda mrefu kuliko inavyofaa.

Alhamisi, 9 Agosti

Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Yote yamefutika. Sina hasira. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 10 Agosti

Baada ya sala Bi Nyamizi alinisimamisha kwenye kona. "Mzaramo, kesho binti anafika. Utanigombolea au nimwambie baba yake ni bahili?" Nikasema mwambie. Nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Jani la tumbaku bado liko mezani. Linanukia mashamba ya Goweko. Sivuti. Nani ameliweka? Kama ni mimi, kwa nini?

Jumamosi, 11 Agosti

Mwanahawa amefika. Amekonda. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kabla hajaketi ameitazama mashine. "Bado unaichezea?" Nimesema televisheni ina hitilafu. Uongo. Ameiwasha, ikawaka.

Aliizima taratibu, kama anafunika maiti.

Jumapili, 12 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa.

Bi Nyamizi aliingia asubuhi kumwona Mwanahawa. Akaketi mkekani, akatoa kanda yangu kwenye pindo la khanga, akaiinua juu. "Mwanangu, shuhudia. Mali ya Mzaramo hii, na kuku sijamwona. Nikatie mboga juu yake?"

Nikauliza ameipata wapi.

"Sikia anavyojifanya! Matangani, mwezi uliopita. Niliichukua mbele ya watu nikakuachia jani langu. Ukasimama ukasema, haki ya Mungu nitaigomboa kwa jogoo, kwa kuwa marehemu alikuwa jogoo. Watu wakavunjika mbavu."

Matanga ya mdogo wangu Athumani. Tulimzika kwa mbali, yeye Bagamoyo, mimi huku, nikaweka matanga kwangu. Watani huja. Huchukua kitu cha mfiwa, naye hukigomboa ili kilio kiwe na mlango wa kutokea. Najua desturi. Nimewafanyia wao mara nyingi. Siku ile naikumbuka: ubani, viatu mlangoni, uji. Nyamizi simkumbuki. Kusimama sikumbuki.

"Sikumbuki," nikasema.

Aliendelea kucheka kidogo, akidhani nami natania. Kisha akanitazama. Akaacha. Sijawahi kumwona mwanamke huyu akiacha kucheka mbele yangu. Aliiweka kanda juu ya mkeka, katikati yetu, akaanza kuipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Mwanahawa alitoka uani. Nilimsikia akipenga kamasi.

Baadaye aliniuliza kama nitakuja naye Dar. Nikasema ndiyo. Nilidhani ningebishana.

Kanda ilikuwa bado pale mkekani. Nilimwambia Nyamizi aichukue.

"Siitaki, Mzaramo. Leo kuku nimesamehe."

"Nani kakuomba msamaha? Chukua rehani yako, mpagazi wewe."

Akaichukua. Sijui alielewa nini. Sijui mimi nilimaanisha nini.

Jumanne, 14 Agosti

Ndani ya gari moshi. Mwanahawa amelala, kichwa dirishani. Mashine iko miguuni pangu, nimeifunga kwa shuka.

Nyamizi alikuja stesheni na karanga. Kabla ya honi alijaribu tena kunipa kanda. Nikamwonyesha mikono. Kuku sina. "Basi itakaa," akasema. Ikae, nikamwambia, na asiiweke juani.

Tumepita Igalula. Narudi njia ya babu, kinyumenyume, nikizitaja kambi kichwani. Rubuga. Tura. Kisha mteremko wa mawe, magoti, Kilimatinde. Kilimatinde. Limekuja lenyewe, bila kuitwa. Nimeliandika hapa haraka. Huenda ikifika kesho lisiwepo.

Sikumwamsha Mwanahawa kumwambia.

Goweko sasa. Wanauza viazi vya kuchemsha dirishani. Nina deni la kuku Tabora.