Aina Kumi na Mbili

Ngara, Jumanne jioni

Wewe Msikivu wangu, bosi wangu wa misitu amenichosha.

Mwaka jana kipande chetu cha msitu juu ya kambi ya wakimbizi kilikuwa na aina kumi na mbili za miti. Leo nimehesabu tena, ni kumi na mbili vilevile. Ila wakata kuni waliambiwa wasimalize aina yoyote, basi wameacha mti mmoja mmoja wa kila aina. Kwingine kote upara.

"Andika hakuna kilichopungua," bosi akasema.

"Mzee, tuandike kila aina imebaki na miti mingapi."

"Kijana, fomu inauliza aina tu."

Fomu hiyo ikipita, wataruhusiwa kukata mlima wa pili, wenye chemchemi yetu. Na anayetakiwa kusaini ni mimi niliyehesabu. Ungekuwa wewe, ungesaini?