Kopo la Nywele

Likasi, Alhamisi mchana

Yaya wangu Filomena,

Pokea salamu za mdogo wako. Habari za huko Moba? Mama anaamkaje? Goti lake linamruhusu kushuka ziwani, au bado anatembea kwa kushika ukuta? Na shemeji, ziwa linampa samaki au linampa upepo tu? Sisi huku tunapumua. Mwanangu Ntumba ameota meno ya mbele, anauliza kila siku kama yaya wa mama yake naye anayo meno. Nimemwambia anayo, tena anayatumia kugombeza watu.

Ndakala zako zimefika. Mama Astrida mchuuzi amezibeba Moba mpaka Pweto, Pweto mpaka hapa, na hakupunguza hata kichwa kimoja cha samaki. Neno lako pia limefika. Alilitoa jana mbele ya watu wote, kwa sauti ya sokoni: "Yaya yako anasema, kamata mutoto, urudi naye. Bale bantu ba bwana yako uwaache na safari yabo." Kesho asubuhi anarudi na anataka jibu. Ndiyo maana ninaandika nikiwa nimeketi juu ya sanduku pa lagare, hapa treni zinaposimama, karatasi iko gotini. Usicheke mwandiko. Na kile Kiswahili cha masista, Yaya, Likasi imekula nusu.

Kwanza nikupe habari za mikono yangu, juu ya najua ungeuliza. Unakumbuka ulivyonipa kichwa chako nijifunzie kusuka, nikakivuta mpaka ukashindwa kufumba macho? Ule ugonjwa haujapona. Si kazi, simtozi mtu. Anayekuja analeta sombe ya kupika, au makala ya moto, au maneno tu. Lakini tangu kiwanda cha shaba cha hapa Shituru kianze kufa, meshi za dukani, zile nywele za kuungia, zimepotea, verni ya kucha imepotea, hata mafuta ya nywele. Basi nikaanza kujitengenezea. Mafuta nachemsha ya mbegu za mawese na mchaichai, nyumba nzima inanukia mpaka majirani wanadhani tunakunywa chai. Verni nyekundu iliyokauka chupani niliifufua kwa dawa ya mafundi wa rangi. Na meshi nilizitoa kwenye mifuko ya unga, ile ya nailoni, nikaifumua uzi kwa uzi.

Nyuzi zikawa nyeupe! Nani anataka kichwa cheupe? Nikapasua betri za redio zilizokufa, nikasaga ule weusi wa ndani, nikazipaka. Mama Kapinga, jirani yangu, akaenda nazo misa, shingo imenyooka kama ndiye bibi arusi. Mvua ikamkuta njiani. Akaingia kanisani blauzi nyeupe ina michirizi myeusi mpaka kiunoni, padri akapoteza mahubiri. Alirudi akinililia tangu kona ya avenue: "Vero! Umenipakala makala mbele ya Mungu!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku ile natafuta mifuko iliyofumwa kwa uzi mweusi tangu mwanzo.

Kalonji naye alinisaidia. Si unajua mume wangu ni fundi wa mota kiwandani. Mota ikiungua, aliniletea vipande vya nyuzi nyembamba za shaba, nikavipinda pete ndogo za kuvalisha misuko. Nilibuni msuko mmoja unasimama katikati ya kichwa kama bomba la moshi, nikauita Shimini ya Shituru. Wanawake walikuja mpaka wa mtaa wa Kikula kuutaka. Walisema afadhali shimini hii, ile ya kweli haitoi tena moshi.

Sasa nakuambia kitu nilichojivunia kuliko hayo yote. Desturi yetu unaijua: nywele iliyoanguka haiachwi ovyo, mwenye bulozi, mchawi, akiipata amekupata. Lakini kwenye mkeka wangu hakuna aliyeokota. Waliinuka, wakajitazama kwenye kioo, wakaenda zao. Waliniachia mimi nifagie, mimi nichome. Wa Kasai, wa hapa Katanga, wa ziwani kama sisi, wote waliniachia.

Halafu maneno yakaingia mjini. Vijana wakaanza kupita na nyimbo: watu wa Kasai warudi kwao. Yaya, Kalonji ni wa Kasai kwa baba na mama, lakini alizaliwa hapa. Kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba yetu. Siku moja alienda kazini, akazuiwa mlangoni na watu aliokula nao bukari sahani moja. Alirudi mchana na sanduku la vyombo vyake, akakaa uani mpaka jua likazama.

Mkekani ndiko nilikoona mambo kabla ya kuyaona barabarani. Mama Kapinga, naye wa Kasai, alikuja kusukwa, akamaliza, akapiga magoti. Nikadhani amepoteza hereni. Kumbe anaokota nywele zake, moja moja, anazifunga kwenye pindo la kikwembe. Hakunitazama. Nami nilijifanya natafuta kitana. Wiki ile ile wanawake wa upande mwingine nao wakaacha kuja, juu ya mkeka wangu "umekaliwa na bale". Kwa wa Kasai mimi ni wa kule, kwa wa Katanga mimi ni mke wa bale. Nikabaki na mafuta yangu yanayonukia mchaichai. Nililia, Yaya, nakuambia wazi. Niliukunja mkeka nikauegemeza ukutani.

Vijana walipokuja kuchagua nyumba za kunyang'anya, ya kwetu waliipenda. Tukatoka na masanduku, tukaja hapa lagare, tuliwakuta watu tayari wamejaa mpaka ng'ambo ya reli. Wamelala chini ya mashuka, chini ya mabati, kwenye mikokoteni. Mvua inanyesha, watu wanaharisha, kuna watoto waliolala hapa wasiamke. Treni ya Kasai inasemwa kila siku, haifiki. Mama Kapinga alipata nafasi kwenye ile iliyopita, tuliagana kwa mikono tu.

Mama mukwe tuko naye. Unamkumbuka, yule mama wa Kalonji aliyekuja kutupa mahari na hakucheka hata mara moja. Miaka yote tuliyokaa naye hajanipa kichwa chake nikisuke. "Kichwa yangu inajua mikono ya dada yangu," njo jibu lake. Dada huyo naye alipanda treni iliyopita. Siku ya kwanza tu hapa, tukiwa bado tunapanga masanduku, mama mukwe alisema mbele ya Kalonji: "Mutoto ni wetu, ataenda na siye. Weye uko na kwenu."

Nilimpasukia. "Minye huyu mutoto nilimubeba mu tumbo ya kuazima?" Watu waligeuka. Yeye akageuza uso upande wa reli. Nikamgeukia Kalonji, nikamwambia aseme yeye. Akaniambia taratibu: "Vero, minye siwezi kukulazimisha. Bananiambia kule njo kwetu, lakini hata minye sijafika kule." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika. Sikufanya hata moja.

Mikono ikikosa kazi inawaza mabaya. Nikakunjua mkeka. Watoto hapa vichwa vimefungamana, chawa wanacheza. Niliwaza msuko mpya kabisa, bila meshi, bila pete, bila urembo: mistari midogo iliyobana, inayolala chini, itakayovumilia vumbi na wiki nyingi bila kitana. Nilimsuka Ntumba wa kwanza, watu wauone. Msichana mmoja akaja kuketi. Mama yake akamvuta mkono: "Toka! Huyu ni wa kule. Usimupe nywele yako."

Maneno yale yaliniingia. Sikumjibu vibaya, na unajua mdomo wangu, hiyo peke yake ni muujiza. Nilichukua kopo letu la kunywea maji, nikamwekea mkononi. "Kaa hapa kando yangu, mama. Kila nywele inayoanguka, weye utaiweka humo. Nikimaliza, ubebe." Alikaa. Hakuniondolea macho hata mara moja. Nilipomaliza alihesabu kwa macho mkeka, goti langu, mapaja yangu, akamimina kopo kwenye kitambaa chake. Kisha akaenda kuniitia mdogo wa yule msichana. Toka hapo mkeka haukauki watu. Mama anakaa na kopo, mtoto anakaa chini, mimi nasuka. Mama mukwe alikuwa anatazama kutoka juu ya sanduku lake, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, anajikuna kwa kijiti.

Jana ndipo Mama Astrida alipofika na neno lako. Alilisema kwa ile sauti, Yaya, ungemtuma mtu mwenye koo dogo! Mama mukwe alisikia yote. Aliinuka, akachana ukanda wa kikwembe chake, akafunga mkono wa Ntumba, ncha nyingine akafunga mkono wake mwenyewe. Fundo mara mbili. "Sasa," akasema, "tutaona nani anakamata mutoto."

Damu ilinipanda. Niliruka, nilikuwa na wembe wa kukatia nyuzi mkononi, sikuukumbuka. Kalonji aliuona, akaingia katikati yetu. "Vero. Wembe." Nikautupa chini. Ntumba alianza kulia, anamvuta bibi yake huku, anajivuta kwangu huku, na ule ukanda unakaza. Watu walitengeneza duara. Kulikuwa na mwanamke anasema nifukuzwe lagare.

Nilimtazama mtoto. Misuko yake ya kwanza imeshafumuka upande mmoja. Sijui nani alinifundisha, labda ni weye. Nilikaa chini pale pale, miguuni pa mama mukwe, kwenye vumbi, bila mkeka. Nikamkalisha Ntumba mapajani, ukanda ukiwa bado umefungwa. Nikachukua kopo, nikampa mama mukwe. "Shika, mama. Ni nywele ya mutoto wako." Mistari imepinda, hujaona msuko mbaya vile. Yeye alishika kopo. Sikumwomba aniachie chochote. Nilipomaliza alizifunga zile nywele kwenye kitambaa, akaziingiza kifuani. Ntumba alilala amefungwa.

Leo asubuhi nilikuwa nakunja blanketi, nikaona mtu anakuja kukaa kwenye mkeka, mgongo kwangu. Ni yeye. Ntumba yuko nyuma yake, mikono yote miwili iko huru, anakula ndakala yako. Mama mukwe akafungua kitambaa. Yaya, nywele zake ni nyeupe zote, laini, na kichwa kimejaa vidonda vya kujikuna. Nilikiosha. Nilikipaka yale mafuta yangu, ya mwisho yaliyobaki. Nilisuka polepole kama naandika. Nilipoanza nilimpa kopo kama ninavyowapa wote. Alilisukuma kwa nyuma ya mkono.

"Choma weye mwenyewe," akasema.

Niliacha kusuka. Akasema tena, bila kugeuka: "Kama unaenda na ule mama wa samaki, enda na mutoto wako. Sitamufunga tena. Lakini ukienda na siye, kule bataniuliza huyu ni muntu wa nani. Nitafungua kitambaa, nitabaonyesha kichwa."

Kalonji alikuwa kando, anajifanya anafunga kamba ya sanduku. Ile kamba aliifunga na kuifungua mpaka nikamaliza.

Basi, Yaya, jibu langu ni hili. Sirudi na Mama Astrida. Treni inasemwa ni kesho, na safari hii wameleta kweli mabehewa, nayaona kutoka hapa. Nakwenda nchi nisiyoijua, na mume asiyeijua, na mama mukwe ambaye ameniachia nywele zake. Naogopa. Usikasirike, na kama lazima ukasirike, kasirika leo, kesho uniombee. Hukukosea kuniita. Ungeniacha bila kuniita, hilo lingeniua.

Mwambie mama taratibu, umkalishe kwanza. Msalimie shemeji mvuvi, umwambie ndakala zake zimelisha watu asiowajua. Msalimie baba mdogo katekista, asome majina yetu matatu kwenye sala, na aongeze la nne, la mama mukwe, anaitwa Mbuyi. Binti zako wabusu, na waambie wasikuvute nywele kama nilivyokuvuta.

Na hili la mwisho. Mama Astrida atakupa kopo lililofungwa kwa kitambaa cha kikwembe changu cha bluu. Ndilo kopo lile. Ndani nimekata nywele zangu, na kucha za mikono yote miwili, bado zina verni yangu nyekundu. Sijampa mtu mwingine duniani. Liweke chini ya kitanda cha mama, usilifungue. Unajua kwetu wanavyozika nywele na kucha za mtu aliyeanguka mbali, mahali ambapo ndugu hawajui njia. Mkisikia hivyo, mnizike Moba, kando ya baba. Lakini usiwe na haraka ya kuchimba, Yaya. Nikifika nyumbani kwa miguu yangu, nitakuja kulidai kopo langu.

Mdogo wako,
Veronika, mama Ntumba