Mfalme Aliyenyimwa Firigisi

Baba Neema, mume wangu,

Huku Mugango tu wazima. Dagaa wa shangazi wameninenepesha, na upepo wa ziwa umeshanichukulia kitenge kimoja.

Jana baada ya misa tulikwenda kibanda cha video kutazama filamu ya Kichina ya vita vya wafalme wa kale. Jamaa anayetafsiriaga watu kwa maikrofoni alikuwa anaumwa. Shangazi akaninyooshea kidole: "Huyu anafundisha historia, atatafsiri!" Kichina sijui hata salamu, ila watu walishakaa, nikashika maikrofoni.

Mfalme alikuwa karamuni. Ghafla akapindua meza, akatoka amenuna. Nikasema: "Amekuja ukweni, kapewa kuku asiye na firigisi!" Kibanda kizima kikaguna. Majeshi yakatoka, miji ikaungua, nami nikaeleza kwamba firigisi aliila shemeji mdogo kwa bahati mbaya.

Mwishoni bibi mmoja akasimama: "Mwanaume mzima anapiganaga vita kwa sababu ya firigisi? Huyo mfalme hajalelewa!" Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakalia.

Kwa hiyo ile kesi yetu ya Krismasi, uliponuna siku nzima kwa mama kule Kiabakari kwa sababu mdogo wangu alikula firigisi yako, imeshaamuliwa na Mugango nzima. Umeshindwa. Mpigie shemeji yako simu mpatane.

Nimekukumbuka mno, mfalme wangu. Jumamosi narudi na kuku wa kienyeji. Nitampika mwenyewe, na firigisi nitakula mimi.

Mama Neema