Vita vya Kuigiza Pale Mlali

Mlali, Kongwa

Kaka yangu Bartolomayo,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Geita, na kile kifua cha vumbi la mgodini kimepungua. Huku nyumbani mama anakula vizuri, na mtama tumeshaupura. Ningeweza kukupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nitasema nusu na kuficha nusu.

Mwezi uliopita walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Filamu yao ni ya vita vya Burundi, wakasema vilima vyetu vinafaa. Tembe la marehemu babu Mazengo wakalichoma moto kwa ajili ya picha. Kijiji kizima kikaitwa kuigiza wakimbizi na maiti. Mimi nilipewa kazi ya mavazi: kuchana nguo nzima na kuzipaka tope. Damu waliipika kwa sukari na rangi nyekundu, ikajaa nzi, na majirani zetu waliolazwa chini kama maiti walikuwa wakicheka na kulamba vidole. Nilichefukwa, lakini kila asubuhi nilirudi.

Wifi Devota hakutaka hata kusogea pale. Nilimbembeleza asimame tu nyuma, miongoni mwa wanawake, akakubali kwa kunistahi.

Alhamisi wakapiga picha ya nyumba inayovamiwa. Jirani anabisha hodi, anamwita baba wa nyumba kwa upole kama mtu aliyekuja kuazima jembe. Baba anaomba viatu vyake. Binti yake anakimbia kuvileta, anamfunga kamba za viatu, baba anatoka na harudi tena. Kaka, habari hiyo unaijua. Ni ya mkeo na baba yake, haikupungua kitu.

Wifi alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwenye msiba wowote. Akaanguka, akawa anasema Kirundi peke yake. Mwongozaji wao, anaitwa Denis, hakusimamisha kamera, aliisogeza karibu. Alipotosheka watu wakapiga makofi, naye akamwinamia wifi akamwambia, "Mama, umetisha! Tunaomba urudie mara moja tu, ila ugeukie huku."



Baadaye nilimfuata Denis nikamwomba aiondoe sehemu ile. Alikuwa anakula chipsi. Akanijibu kwa utulivu kwamba hapo ndipo filamu yake ilipo, na kwamba anashangaa mlalamikaji ni mimi.

Ana haki ya kushangaa, kaka, kwa sababu mimi ndiye niliyemsimulia. Wiki ya kwanza, tukinywa chai, alisema filamu yake inakosa kitu cha kweli. Nikataka anione mtu wa maana, si mtu wa kuchana nguo tu. Nikamwambia yote ambayo wifi aliniambia jikoni, mwaka ule mlipompoteza mtoto, akanisihi yasitoke. Denis aliandika, akanisifu kwamba nina jicho la msanii. Nilirudi nyumbani naimba! Nilijua wataitumia habari ile. Nilidhani wataibadilisha kidogo, na siku ya kumbembeleza wifi sikujiuliza watapiga picha gani. Najinukia mwenyewe kama kitu kilichooza.

Jumapili baada ya ibada nilimwungamia. Hakunitukana. Alisema nikuandikie kwa mkono wangu, maana akikueleza yeye itaonekana anagombanisha ndugu. Tangu hapo ananisalimia kama anavyosalimia wageni. Hali chakula vizuri. Mama hajui kitu, anadhani ni malaria.

Omba ruhusa uje, kaka. Yeye hatakuomba, kwa hiyo nakuomba mimi. Mimi utanisema baadaye, siku utakayoweza.

Mama anakusalimu sana, na watoto wa jirani wanauliza utarudi lini. Ukishuka basi Kibaigwa hutanikuta. Nitamwambia Devota siku utakayofika, akipenda aje kukupokea yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Loisi