Nota Tatu za Kutua

Jumatatu, 5 Agosti

Ubeti wa kwanza umekamilika. Silabi moja chini ya kila nota, kistari kati ya silabi na silabi. Mkono unaanza kuzoea kipanya cha kompyuta. Chai imepoa mara mbili.

Wimbo ni wa Mavuno, wa Baba Neema, mume wangu, aliyefariki mwaka jana. Aliuandika kwa herufi, d, r, m, f, katika daftari lenye jalada jeusi. Kwaya ya sasa inasoma nota za mistari mitano. Godlisten, mwalimu mpya wa kwaya, ameniambia kwa adabu lakini waziwazi: nota safi zisipopatikana kabla ya Jumapili ya Mavuno, tarehe 18, wataimba wimbo mwingine. Wanaoujua kwa moyo wamebaki watatu, wote wazee. Usipoimbwa mwaka huu hautaimbwa tena.

Sitakubali.

Jumatano, 7 Agosti

Ubeti wa pili. Ukungu tangu asubuhi, Machame yote haionekani. Niliruka silabi moja mwanzoni, na maneno yote yakasogea nota moja hadi mwisho wa ukurasa. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Nimefuta yote nikaanza upya.

Alhamisi, 8 Agosti

Ubeti wa tatu umegoma.

Mstari wake wa kwanza una nota kumi. Maneno: "Twatua mizigo yetu." Silabi nane. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Nane. Beti nyingine zina kumi kamili mahali hapo.

Daftari halisaidii. Ni ubeti wa kwanza tu alioupanga chini ya herufi. Nyingine ameziandika chini ya ukurasa kama shairi. Waimbaji wake walijua wenyewe neno gani likae wapi. Mimi sijui. Sikuwa mwimbaji, na mwaka wa pili wa ndoa nilihamishiwa Sanya Juu kufundisha. Yeye alikuwa akija peke yake kuongoza Mavuno ya hapa. Niliporudi, kwaya ilikuwa imeshauacha wimbo huu.

Baada ya neno "Twatua" kuna mstari mfupi wa penseli, umepinda. Si kistari, si mkato. Nimeufuta kwa raba.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeongeza "leo". Twatua mizigo yetu leo. Kumi.

Baba Neema hakuwahi kunipa daftari hili nilisahihishe. Alijua kwa nini.

Jumanne, 13 Agosti

Mazoezi ya kwanza, ukumbini, wote wameketi. Mama Eliasi hakuja, ng'ombe wake anazaa. Yeye ni mmoja wa wale watatu wanaoujua wimbo. Ameimba alto tangu ujana wetu. Wenzake wawili hawatoki tena nyumbani.

Wameimba beti zote tatu bila kukwama. Godlisten alinyanyua karatasi juu. "Mwalimu, hii imekaa freshi kabisa." Nikamwambia imekaa vizuri. Akacheka. "Haya, vizuri, Mwalimu."

Nimetembea hadi nyumbani bila kuhisi maumivu ya magoti.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku mbaya.

Mazoezi na mizigo. Wanawake waliingia kanisani na mikungu ya ndizi na vikapu vya mahindi kichwani, Mama Eliasi mbele. Beti mbili za kutembea. Ubeti wa tatu ni wa kutua mbele ya madhabahu. Waliinama huku wanaimba. Pumzi zikakatika. Kikapu kimoja kikamwaga mahindi hadi chini ya mabenchi. Nusu ya kwaya ilifika "leo", nusu ilikuwa bado "mizigo".

Mama Eliasi peke yake hakuinama. Alisimama na mkungu wake kichwani.

"Nani kajaza maneno mahali pa kutua?"

Nikasema ni mimi. Nota mbili zilikuwa zimebaki bure.

"Bure! Kwa hiyo tutue na mizigo-yetu-leo mdomoni? Hebu beba wewe, Mama Neema, tukuone."

Wanawake walicheka. Sikucheka.

Godlisten akasema zimebaki siku tatu. Ubeti wa tatu ukatwe, au tuimbe wimbo mwingine. Nimemwambia ubeti haukatwi. Nimeomba hadi Jumamosi jioni. Amekubali kwa shida.

Nina hasira. Chini ya hasira kuna aibu, na aibu ndiyo kubwa.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilikwenda kwa Mama Eliasi asubuhi na mapema. Nilimkuta kihambani, shamba la nyumbani kwake, katikati ya migomba, anakata majani ya ng'ombe. Hakuacha kukata. Nikamwuliza wimbo uliimbwaje.

Akaimba na mundu mkononi. "Twatua" ilikuja, na ile "a" ya mwisho akaivuta juu ya nota tatu. Kisha "mizigo yetu". Hakuna kilichobaki, hakuna kilichopungua.

Nikamwuliza kwa nini Baba Neema aliandika hivyo.

"Hukumbuki? Ni wewe."

Nikasema sielewi.

"Ulikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Wakakutanguliza na mkungu, na wewe mtoto wa mjini, hukuwahi kubeba kichwani. Tumefika 'twatua', wenzako wote wametua, wewe unayumba tu pale mbele. Mumeo akatuinulia mkono sisi waimbaji. Hakuna aliyethubutu kufunga mdomo. Tumeivuta 'a' mpaka ulipotua."

Nikamwuliza kuhusu "leo".

"Ilikuwepo. Aliitoa mwenyewe baada ya siku ile. Alisema lazima pabaki nafasi ya mtu kutua." Akacheka. "Na wewe umeirudisha, mae, jamani!"

Mkungu ule naukumbuka. Wimbo sikuusikia. Nilikuwa naogopa kuanguka mbele ya mama mkwe.

Nimeomba radhi. Akanipa maziwa, nikayabeba.

Mchana wote kwenye kompyuta. Nimeitoa "leo". Nota tatu zimefungwa kwa upinde wa nukta, si wa mstari mzima, kwa kuwa ni ubeti wa tatu tu unaouhitaji. Chini yake, baada ya "a", mstari mrefu ulionyooka hadi nota ya tatu. Maana yake: endelea, neno halijaisha.

Ule wa penseli ulisema hivyo hivyo. Niliufuta.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeshuka Moshi mjini kuchapisha. Mashine ya kwanza ilikata ukingo wa chini, mstari wenyewe ukapotea. Nilizirudisha nakala zote. Kijana wa dukani alisema hakuna atakayeona. Nimemwambia nimeona mimi. Akachapa tena. Nimekagua moja moja mbele yake, nakala thelathini.

Jioni mazoezi na mizigo. Walitua wote. Hakuna kilichomwagika. Godlisten alikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia yake. "Kesho tunaimba huu, Mwalimu."

Jumapili, 18 Agosti

Mvua kidogo alfajiri, kisha jua. Niliketi benchi la tatu.

Mama Eliasi alitangulia. Nyuma yake, mke mpya wa mtu, simjui jina, na mkungu uliomzidi. Walipofika "twatua" alichelewa. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Akatua.

Baada ya ibada nilinunua mkungu wake kwenye mnada wa sadaka. Umeegemea ukuta jikoni.

Nyumba kimya. Nimefungua daftari jeusi. Alama ya penseli bado inaonekana kidogo pale raba ilipopita. Nimeifuata kwa penseli, bila rula. Imepinda.

Nimeiacha hivyo.