Nangoja Kairos, na Markella Ameshakata Tiketi

Bi Evanthia mpendwa, mshauri wetu wa gazetini,

Nisamehe mwandiko, naandika kwa furaha na kwa hofu pamoja, hata sijui nianzie wapi, basi naanzia jana: askofu amenipigia simu yeye mwenyewe, akaniambia, "Pantelis, jiandae, tarehe sita Agosti nakuwekea mikono uwe shemasi," nami nikaruka pale pale jikoni mpaka mama akadhani nimeungua kwa mafuta, maana nimelingoja neno hilo tangu nina miaka kumi na miwili, kisha mama, mwiko bado mkononi, akauliza, "Na mke je?" Nikakaa chini.

Wewe ni wa kisiwa hiki hiki cha Chios, unajua: anayetaka kuoa huoa kabla ya kuwekewa mikono, baada ya hapo ndiyo basi maisha yake yote, na kuanzia tarehe mosi Agosti ni mfungo wa Mama wa Mungu, hakuna harusi, kwa hiyo nimebakiwa na wiki tatu tu, nami nampenda Markella, binti wa shamba la jirani, huu mwaka wa nne, na sijamwambia hata neno moja, kwa sababu mimi ndiye ninayefundisha katekisimu hapa kijijini, na kila mwaka nawaambia watoto kwamba Maandiko yana wakati wa namna mbili, kronos, huu wa saa ya ukutani unaopita upende usipende, na kairos, wakati uliotimia, ambao Mungu huufungua mwenyewe na mtu hapaswi kuulazimisha, basi na mimi nikawa naungoja. Mwaka jana, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, nilikwenda kwao na pete mfukoni, nikala keki vipande vitano, nikarudi na pete yangu.

Juzi tulikuwa tunafagia chini ya miti ya mastika, tutandaze udongo mweupe kabla ya kuichanja itoe utomvu, Markella akaegemea ufagio wake.

"Wewe Pantelis, tangu asubuhi unanitazama kama mtu aliyesahau sala katikati. Una la kuniambia?"

Ndivyo alivyouliza, Bi Evanthia! Nikamjibu, "Kairos haijafika, Markella."

Alicheka mpaka akakaa kwenye udongo. "Haya, baba padri. Ikifika, iambie mimi nimehamia Pireas, kule bara, kwa shangazi. Tiketi nimeshakata, Jumamosi naondoka."

Sasa nitajuaje kama hii ndiyo yenyewe? Ningoje ishara, au niseme na pengine niharibu kila kitu? Nisaidie, sili, silali, naimba tu.

Mwenye Kungoja,
vijiji vya mastika

*

Mwanangu, hongera! Njoo kwanza nikukumbatie, halafu nikuvute sikio.

Ishara gani tena? Askofu ametaja tarehe. Msichana amekuuliza usoni, ameegemea ufagio anangoja jibu. Unataka malaika ashuke na tarumbeta?

Unachowafundisha watoto ni kweli, ila ni nusu. Neno hilo linatumikaje kanisani? Kabla Liturujia haijaanza, shemasi humsogelea padri, huinamisha kichwa, humwambia kwamba kairos imefika. Umewahi kumsikia padri akijibu, "Hebu tungoje kidogo"? Mavazi ameshavaa, mkate uko tayari, anaanza. Mungu ndiye anayeifungua, sawa, lakini anaifungua ili mtu aingie. Na wewe ndiye unayetaka kuwa shemasi, umwambie padri neno hilo kila Jumapili! Kwa mdomo upi?

Usinidanganye. Hapo humwogopi Mungu, unamwogopa Markella asije akakwambia hapana. Hofu hiyo naijua, mume wangu alinizungusha bandarini miezi saba kabla hajafungua kinywa, na mpaka leo namdai miezi hiyo. Pole, lakini inatosha.

Mwendee leo. Usianze na askofu wala joho, asije akadhani unatafuta mke wa kujazia fomu. Anza na miaka minne, na aibu ya keki usiiache. Mweleze bila kuficha maisha ya mke wa padri, na kwamba siku ni chache. Akikataa, mheshimu, na umwombe askofu akusogezee tarehe mpaka moyo utulie. Akikubali, unajua kibali cha ndoa hakitoki bila majina yenu kutangazwa gazetini, kwa hiyo nimekuombea nafasi ya majina mawili kwenye gazeti hili. Mwisho ni Alhamisi saa sita mchana.

Halafu kuna hili. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini mwalimu wa katekisimu anayengoja ushemasi hapo kijijini ni mmoja tu. Gazeti hufika kwenye mgahawa wenu saa mbili asubuhi, na wazee wenu hawajapata kumaliza kikombe kimoja bila kutuma habari shambani. Barua yako nimeichapa makusudi. Kama unataka Markella alisikie neno hili kwako kabla hajalisikia kwao, unanisoma mpaka hapa kwa nini? Kimbia!