Ndala ya Nyanya Iliyoshika Mwezi

Ijumaa, Manibe. Mvua ilianza saa sita mchana, ikakatika jioni. Matope mpaka mlangoni.

Shajara, Jumatatu nilikudanganya. Niliandika kwamba mbwa wetu ameiba ndala ya kushoto ya Nyanya na kwenda kuitafuna. Mpaka jioni ya leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote ukweli, hata wewe.

Haikuwa mbwa. Ni mimi niliyeikata.

Nyanya, mama yake Baba, alikuja kwetu kutoka Lurujo kutibiwa macho na mgongo. Mgongo wake umepinda sana. Akisimama, uso wake unatazama ardhi. Wiki iliyopita nilimweleza kwa majivuno kwamba nimeona mashimo ya mwezi kwa darubini yangu, ile ambayo Mjomba aliikuta kwenye mitumba yake akaniletea.

"Mwezi?" akasema. "Mimi naona tu mwangaza yake, kwa chini."

Hakusema kwa huzuni. Alikuwa anachambua maharage. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Nilijaribu kumsogeza kwenye darubini. Hawezi kufumba jicho moja, na lingine hutoa machozi likikaribia kioo. Ndipo nikawaza: darubini yangu ina kipande cha kona nyuma, chenye kioo kinachogeuza picha kuelekea juu, kwa hiyo mwezi ukiwa chini upande wa magharibi, mtazamaji anainama na kutazama chini. Simu ikilazwa pale, kamera ikichungulia ndani, mwezi utatokea kwenye skrini kama chapati kwenye sahani. Nyanya atatazama chini tu, kama anavyotazama siku zote.

Kilichobaki ni kitu cha kuishika simu. Kwa mkono haiwezekani. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mwezi umepotea.

Kishikio cha kwanza nilikitengeneza kwa boksi la sabuni. Kikalainika kwa unyevu, na simu ya Mama nusura ianguke. Cha pili cha ubao kiliteleza. Nilihitaji kitu kigumu kiasi, lakini chenye kubana. Nikaitazama ndala yangu: imelika, nyembamba kama karatasi. Nikaitazama ya Nyanya. Nene, ya bluu, ina maua meupe.

Nilitoboa tundu kwa kisu kilichopashwa moto, nikazungusha kwa makini mpaka likabana sawasawa kwenye kioo cha kuchungulia. Simu juu, kisha mpira wa tyubu ya baiskeli kufungia. Ilikaa vizuri mno. Nilifurahi kabla ya kuona haya.

Mama, ambaye ni mtu wa upande wa Kongo, aliuliza uani, "Mutu gani amebeba kiatu ya muzee?" Ndugu yangu mdogo akasema labda mbwa. Mimi nikanyamaza. Nyumbani wananicheka kwamba naongea Kiswahili cha redio, lakini siku hiyo hata neno moja halikutoka.

Mbwa akafungwa kwenye mpapai. Na kwa siku nne Nyanya ameenda kuoga na ndala moja, mguu mwingine juu ya mawe yenye utelezi. Hakulalamika hata mara moja.

Kila jioni mawingu. Kesho asubuhi anarudi Lurujo.

Leo mvua ilipokatika, magharibi pakafunguka, na mwezi mchanga ulikuwa juu kidogo ya mihogo ya jirani. Nilikimbia. Nikafunga simu, nikasogeza darubini mpaka ule weupe ukaingia katikati, nikamwita Nyanya. Akaja taratibu na fimbo yake, akasimama, akatazama chini.

Akaegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Iko na mashimo," akasema. "Kama ukuta ya nyumba yangu!" Akacheka. Kisha akashtuka. "Kiden, inakimbia! Inaenda wapi?"

Nilimweleza kwamba ni dunia yetu inayozunguka, si mwezi unaokimbia.

"Basi ambia dunia ingoje kidogo."

Alipokuwa anafuta machozi, kidole chake kiligusa kile kipande cha bluu chini ya simu. Kikasimama juu ya ua jeupe.

"Hii maua naijua," akasema polepole. "Hii sapatu yangu."

Nikaitazama miguu yake.

"Kumbe mbwa yenu iko fundi. Anajua kukata mviringo!"

Nilianza kusema samahani huku nikifuta macho. Akanigonga bega kidogo kwa fimbo. "Utalia baadaye. Rudisha mwezi kwanza, imetoka."

Nikaurudisha. Tukautazama pamoja mpaka ukazama nyuma ya miti, na kila ulipotoka kwenye skrini alinigonga tena. Nashukuru kwa ile mvua kukatika, kwa Mjomba, kwa simu ya Mama. Zaidi nashukuru kwamba Nyanya hakumwita mtu. Aliniachia mimi niseme.

Nilifungua kishikio, nikaosha miguu, nikaingia jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia, "Si mbwa. Ni mimi." Aligeuka kunitazama, mwiko ukiwa mkononi, nami nikamweleza yote.

Kisha nikavua ndala zangu, nikaziweka kwenye mlango wa Nyanya. Nikatoka pekupeku kwenye matope kwenda kumfungua mbwa.